Dzaleka Katika Ramani za Mtandao

Dzaleka, wilayani Dowa nchini Malawi, zama za rais Kamuzu Banda palikuwa gereza la wapinzani wake. Tangu mwaka 1994 pamekuwa makazi ya wakimbizi, aghalabu wa Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili kimeshika soko lake. Kwa hiyo ni dhuluma, ijapokuwa ya mashine, mtu akifungua tovuti kwenye kompyuta akaambiwa yupo Lilongwe, mwendo wa kilomita 40 na ushei. Sababu ni dhahiri: kompyuta isiyo na kipokezi cha setilaiti huweza kukisia mahali kwa anwani ya intaneti, nayo mara nyingi hunasibishwa na mji wa kampuni inayoitoa. Simu yenye GPS ina afueni, hususan tangu Mei 2000, Marekani ilipoacha kuyapotosha kwa makusudi mawimbi waliyopewa raia. Wala jina la mtaa halisaidii kukisia: Lilongwe yenyewe, makao makuu ya Malawi tangu 1975, ina mitaa iitwayo kwa nambari zisizofuatana ardhini. Basi fundi wa tovuti na aiagize programu itafute setilaiti kwanza, kisha aisome ile idadi ya mita za shaka inayoletwa pamoja na latitudo na longitudo. Ikizidi 1,000, amwachie mtumiaji aweke alama kwenye ramani kwa mkono wake.