Imani na Toba katika Uamsho wa Afrika Mashariki

Katika mafundisho ya Kikristo imani ina pande mbili: kuyakubali mafundisho ya kanisa kuwa kweli, na kumtumaini Mungu kwa moyo wote. Uhusiano wa pande hizo ulizua mjadala mkubwa katika Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu lililochipuka baada ya Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Gahini nchini Rwanda, kukutana Kampala mwaka 1929 na kusoma Biblia pamoja. Wafuasi wake, walioitwa Balokole, yaani waliookoka, walishikilia kwamba ubatizo haumfai kitu mtu asiyetubu. Kwa hiyo walikusanyika kuungama dhambi hadharani, na aliyekiri wizi alitarajiwa kumrudishia mwenyewe mali yake.

Msimamo huo uliwakera baadhi ya viongozi wa kanisa, na mwaka 1941 wanafunzi kadhaa, akiwemo William Nagenda, walifukuzwa katika chuo cha Bishop Tucker huko Mukono. Hata hivyo, Balokole wengi hawakujitenga na makanisa yao, na Uamsho ukaenea hadi Kenya na Tanganyika. Wakati wa vita vya Mau Mau dhidi ya utawala wa kikoloni nchini Kenya katika miaka ya 1950, Wakikuyu wengi waliookoka walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wengi wao wakakataa pia kushika silaha upande wa serikali ya kikoloni, hata baadhi yao wakauawa. Kwao, imani isiyoonekana katika mwenendo haikustahili kuitwa imani.