Upimaji wa masafa ya usikivu

Upimaji wa masafa ya usikivu ni uchunguzi unaoonyesha ni sauti zipi, nene au nyembamba, ambazo sikio bado linazipata. Sikio zima la kijana husikia takriban hezi (mitetemo kwa sekunde) 20 hadi 20,000. Mpimwaji huvaa hedifoni katika chumba tulivu, kisha hupigiwa milio ya kati ya hezi 250 na 8,000, ikififishwa hatua kwa hatua, naye huashiria kila anaposikia.

Madhara ya kelele kwa kawaida hujitokeza kwanza karibu na hezi 4,000, na mashine za kuchakata mkonge, zao la miaka mingi wilayani Kilosa, Tanzania, zina kelele nyingi. Kwinini, dawa ya malaria, nayo huweza kuleta mvumo masikioni. Aliyepoteza masafa ya juu husikia irabu vizuri lakini huchanganya “fika” na “shika”. Jamaa humdhania mkaidi, dhana inayomuumiza bure.

Zipo pia sauti ambazo hata sikio zima la binadamu halizipati: tembo wa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi huitana pia kwa mingurumo ya chini ya hezi 20, inayosafiri kilomita kadhaa bila mtu kuisikia.