Gari kuukuu la Kijerumani haliuawi na umri: Mwongozo wa kutunza Mercedes Ngong, Kitengela na Kajiado

ASUBUHI ya ukungu mjini Ngong, si ajabu kuiona Mercedes-Benz ya miaka ya 1980 ikiteremka taratibu kuelekea Karen, rangi yake ingali inang'aa. Si ajabu pia kuiona nyingine ya umri uo huo nyuma ya gereji, matairi yameisha pumzi na nyasi zimeota hadi milangoni. Magari hayo mawili yalitoka katika kiwanda kimoja. Kilichoyatenganisha ni matunzo.

Kwa mstaafu aliyetoa sehemu ya kiinua mgongo chake kununua gari la aina hii, au mzazi anayelitumia kuwapeleka wanawe shuleni Kiserian, tofauti hiyo si jambo dogo. Anayenunua gari kuukuu hununua pia madeni ya mwenyewe wa kwanza: oili ambayo haikubadilishwa, bomba lililofungwa kwa waya, taa ya onyo iliyotolewa ili isisumbue macho. Madeni hayo yasipolipwa mapema hulipwa barabarani, aghalabu usiku na mbali na nyumbani.

Magari yenye historia

Nchini Kenya, Mercedes ilikuwa ishara ya mamlaka kiasi kwamba wakubwa waliitwa "Wabenzi". Juni 2009, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Bw Uhuru Kenyatta, alitangaza katika Bajeti kwamba mawaziri wangetumia magari yenye injini isiyozidi ujazo wa sentimita 1,800, na Volkswagen Passat zikachukua nafasi ya magari makubwa. Hata hivyo, mapenzi ya wananchi kwa Mercedes za zamani hayakuisha.

Sababu si fahari tu. Aina ya W123, iliyoundwa kuanzia 1975 hadi katikati ya miaka ya 1980, ilitoka kiwandani magari karibu milioni 2.7. Mwaka 1977, 280 E ya aina hiyo iliyoendeshwa na Andrew Cowan ilishinda mbio za London hadi Sydney. Miaka miwili baadaye Hannu Mikkola alimaliza wa pili katika Safari Rally akiwa na 450 SLC. Nchini Ugiriki, dereva wa teksi aliiendesha 240 D ya 1976 kwa kilomita milioni 4.6, akibadilisha injini mara kadhaa, kabla ya kuikabidhi kwa jumba la makumbusho la kampuni hiyo mwaka 2004.

Lakini Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Kwa hivyo W123, au W124 iliyoifuata hadi katikati ya miaka ya 1990, ikiharibika kabisa haitaletewa mwenzake kutoka ng'ambo. Hizi zilizopo ndizo zilizosalia.

Joto: adui wa kwanza

Ngong uko karibu mita 1,960 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo maji matupu huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, wala si 100. Injini nyingi za Mercedes hufanya kazi baina ya nyuzi 80 na 95. Pengo la usalama basi ni jembamba, na linalolipanua ni vitu viwili: kifuniko cha rejeta kinachohifadhi shinikizo, na dawa ya rejeta iliyochanganywa na maji safi. Kifuniko kilicholegea ni kitu cha bei ndogo kinachoweza kuiua injini ya bei kubwa. Dawa nayo ibadilishwe kila baada ya miaka mitatu hivi, kwani huchakaa na kuacha kutu ile mirija.

Kuna desturi mbaya katika gereji nyingi ya kuing'oa thamostati, kile kivali kinachozuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Fundi humwambia mwenye gari kwamba sasa litapoa vizuri. Katika Mercedes nyingi kivali hicho pia hufunga njia ya mkato ambayo maji hupitia bila kufika kwenye rejeta. Kikiondolewa, njia hiyo hubaki wazi, na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupozwa. Matokeo ni gari linalochemka mlimani na lisilopata moto wa kutosha katika baridi ya Julai, likila mafuta mengi na kuchakaza silinda.

Mwenye gari anaweza kuubaini ugonjwa mwenyewe kwa kuitazama geji. Likichemka katika msongamano wa Kitengela na kupoa linapoachiwa mwendo kuelekea Isinya, shuku feni au klachi yake. Likipoa mjini na kuchemka kwa kasi au mlimani, shuku rejeta iliyoziba. Vumbi na manyoya ya nyasi hujaa katikati ya mapezi ya rejeta. Yaoshwe kwa maji ya nguvu ndogo, kutoka upande wa injini kuelekea nje.

Likichemka, simama na uzime injini. Usifungue kifuniko mpaka kipoe, wala usiimwagie injini maji baridi: kichwa cha aluminiamu kinaweza kupinda au kupasuka.

Mteremko wa Magadi

Barabara ya kutoka Kiserian kupitia Kona Baridi na Olepolos hadi Magadi hushuka zaidi ya mita 1,200. Hapo breki hupimwa kuliko mahali pengine popote katika kaunti hii.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani. Yakizeeka huchemka mapema, na mvuke ukiingia kwenye mabomba, pedali huzama bila gari kusimama. Yabadilishwe yote kila miaka miwili, hata kama yanaonekana safi. Kagua pia mabomba ya mpira yaliyo nyuma ya magurudumu. Gari la miaka 30 likiwa na mabomba yake ya awali halifai kuteremka huko. Unapoteremka, tumia gia ndogo ili injini ishike mwendo, badala ya kukanyaga breki mfululizo.

Ukirejea kutoka ziwani, osha chini ya gari. Magadi na chumvi hula chuma.

Oili na mafuta

Katika vumbi la Kajiado, oili ya injini na chujio lake vibadilishwe kila kilomita 5,000. Mercedes za enzi hizo huzungushwa na mnyororo ndani ya injini, hivyo hakuna ukanda wa kubadilishwa. Hata hivyo mnyororo hurefuka, na oili chafu huuharakisha. Wenye BMW za miaka ya 1980 zenye injini ya M20 wana hali tofauti: hizo hutumia ukanda, na ukikatika, vali hugongana na pistoni.

Giaboksi ya otomatiki nayo huhitaji mafuta mapya na chujio jipya kila kilomita 60,000. Kipimo chake husomwa injini ikiwa inanguruma na mafuta yakiwa moto.

Kuhusu dizeli, hali imeboreka tangu 2015, Afrika Mashariki ilipoanza kutumia dizeli yenye salfa kidogo. Tatizo lililodumu ni uchanganyaji wa mafuta taa, ambao mwaka 2018 uliifanya serikali kutoza mafuta taa ushuru wa ziada wa Sh18 kwa lita. Mafuta taa hayalainishi pampu ya dizeli ipasavyo. Nunua katika kituo unachokiamini, na ubadilishe machujio yote mawili. W123 ya dizeli ina kidogo kinachopenya nuru na kikubwa kilicho karibu na injini.

Mpira na nyaya

Chuma cha magari haya hudumu kuliko mpira wake. Mathalani, dizeli za zamani huzimwa kwa mvuto wa hewa unaopita katika vijibomba. Ukigeuza ufunguo na injini ikaendelea kunguruma, usikimbilie kununua swichi. Tafuta kijibomba kilichopasuka. Kipande cha mpira kinaweza kumaliza ugonjwa ambao fundi asiyeujua atautoza maelfu ya shilingi.

Wanaotaka kununua W124 za kati ya 1992 na 1995 wafungue boneti na kuzikagua nyaya za injini. Katika nyingi, ganda la nyaya hizo hukauka na kubambuka, kisha injini hutetemeka na kuzima bila mpango. Dawa ni kubadilisha fungu zima. Kuzifunga kwa utepe ni kuahirisha.

Vipuri na fundi

Nairobi, Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi wangali wanaiita Grogan, ina vipuri vya kila namna. Kabla ya kwenda, nakili nambari ya chesi, kwani gari la jina moja laweza kuwa na vipuri tofauti kwa mwaka na kwa injini. Si lazima kila kifaa kiwe na nyota ya Mercedes. Kampuni kama Bosch na Mahle huwatengenezea wenye viwanda wenyewe. Lakini kwa breki na usukani, cha bei rahisi mno kiogope.

Fundi mzuri hutambulika kwa maswali yake. Anayeuliza tatizo lilianza lini, injini ikiwa baridi au moto, ni bora kuliko anayefungua spana kabla ya kusikiliza.

Anza na daftari

Ukishanunua, tenga fedha za kulipa madeni yale katika mwezi wa kwanza: oili zote, machujio, maji ya rejeta, mafuta ya breki, mabomba ya mpira na ukanda wa feni. Tazama tarehe ya matairi pia. Tarakimu nne za ubavuni, kama 2319, zina maana ya wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Kisha andika kila kitu: tarehe, kilomita, kilichobadilishwa na gharama. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Gari lenye daftari humwonya mwenyewe kabla halijaharibika, na siku ya kuliuza, mnunuzi atajua kwamba halina deni la mtu.