Kupona na kuanza upya katika riwaya ya mapenzi ya Kiswahili: kutoka Rosa hadi Yasmin

Riwaya ya mapenzi imezoea kudharauliwa vyuoni. Huhesabiwa kuwa pumbao la safari, kitabu cha kusomwa upesi na kusahauliwa upesi. Hata hivyo, mwanafunzi wa historia ya fasihi akiifuata kwa subira ataona kwamba ndani yake limejibiwa, mara kwa mara na kwa namna mbalimbali, swali ambalo hotuba na mahubiri yalikwisha kulifunga: mwanamke aliyeanguka, au tuseme aliyeangushwa, aweza kuinuka, akapona na kupendwa tena? Riwaya tatu zinatosha kuonyesha jinsi jibu lilivyobadilika: Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980) na Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi (1999).

Yafaa ikumbukwe kwanza kwamba msamaha haukuwa jambo geni katika nathari ya Kiswahili. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze (1952), aliwasamehe Hasidi na Mwivu, ndugu waliomtosa Adili baharini kwa wivu. Waligeuzwa manyani, wakapigwa usiku baada ya usiku, na mwishowe wakarudishiwa ubinadamu wao. Lakini hao ni wanaume, na kosa lao ni la kutaka kuua. Kwa mwanamke aliyepoteza heshima ya mwili wake riwaya ilikuwa bado haijapata mlango wa namna hiyo.

Rosa Mistika ndiyo riwaya iliyouonyesha ukuta huo bila pazia. Rosa ni binti wa Ukerewe, mtoto wa Zakaria, mlevi mwenye mkono mwepesi wa kupiga, na wa Regina, mama mvumilivu kupita kiasi. Jina lake ni miongoni mwa majina ya sifa ambayo Wakatoliki humwitia Bikira Maria katika litania, nalo limewekwa juu ya msichana asiyeachiwa hata kupokea barua ya mvulana pasipo kipigo. Baba alimfungia kila dirisha. Siku alipotoka kwenda shule za mbali hakuwa na ujuzi wowote wa kujilinda. Yaliyofuata yanajulikana: wanaume, mimba, utoaji mimba, jina baya. Lakini jambo linalosahauliwa na wanaoisoma riwaya hii kama onyo kwa wasichana ni kwamba Rosa alikwisha kutubu. Alikuwa amepata mchumba, Charles, na alikuwa tayari kuanza upya. Charles alipojua kwamba yeye si bikira, alimwacha, na Rosa akajiua. Basi kilichomuua si anguko lake. Ni kukataliwa baada ya kuinuka. Mwandishi hakuridhika hata na kifo hicho, akampeleka Rosa na baba yake mbele ya hukumu ya Mungu, kana kwamba duniani hapakubaki baraza la kusikiliza shauri lao. Kitabu kilipigwa marufuku shuleni, ingawa baadaye kilikubaliwa na kufundishwa. Hakika waliokikataza walikichukulia kuwa kinafundisha uasherati. Lau wangelikisoma kwa makini wangeliona kwamba mshtakiwa wa kwanza ni Zakaria, na wa pili ni Charles.

Miaka tisa baadaye Maimuna wa Utengano aliteremka njia ileile. Naye amefungiwa ndani na baba tajiri, Maksuudi, mtu wa siasa na wa unafiki. Mama yake, Tamima, aliposhikwa na uchungu wa kuzaa, mumewe alikuwa amekataza asiitwe mkunga Farashuu. Farashuu aliitwa kwa siri. Maksuudi akajua, akampiga mkewe na kumpa talaka. Maimuna akatoroka, na hatimaye akaangukia Rumbalola, kwenye danguro la Mama Jeni, ambako ujana wake uliuzwa mpaka ukaisha. Hadi hapo msomaji wa Kezilahabi anadhani anaujua mwisho, na kumbe mwisho ni mwingine. Maimuna anarudi akiwa mgonjwa, amechakaa, na anapokewa na Farashuu. Mkunga yule anamtibu kwa mitishamba na kwa uangalizi wa siku nyingi. Msichana anapona, na kisha anaolewa na Kabi.

Uponyaji huo si wa kimiujiza wala si wa bure. Farashuu alikuwa na kisasi chake juu ya Maksuudi kwa mabaya aliyomtendea binti yake, Mwanasururu, na mkono wake haukosekani katika kutoroka kwa Maimuna. Anayeponya, kwa hiyo, ana deni kwa anayeponywa. Huenda hapa ndipo penye uzito wa kitabu kuliko katika ndoa ya mwisho, ambayo wahakiki wengine wanaweza kuiona kuwa imekuja kwa haraka. Harusi hufunga hadithi. Lakini siku zile za dawa na uji katika nyumba ya maskini ndizo zinazomrudishia Maimuna utu wake, nazo zinatangulia harusi. Mapenzi ya mwanamume hayamponyi Maimuna. Yanamkuta amekwisha kupona.

Kwa nini jibu la 1980 lilitofautiana kiasi hicho na la 1971? Ni rahisi kusema kwamba waandishi wawili wana tabia mbili, lakini tofauti ya jamii wanazoziandika ina uzito zaidi. Rosa anaishi katika mazingira ya Kikatoliki, ambapo ndoa ni fundo lisilofunguliwa na ubikira ni hati ya kuingilia. Katika visiwa vya Unguja na Pemba, kwa karne nyingi, talaka na ndoa ya pili vimekuwa mambo ya kawaida. Mwanamke aliyeachwa hukaa eda ya twahara tatu, mjane miezi minne na siku kumi, kisha yu huru kuolewa. Sheria yenyewe huhesabu kuvunjika na kurejea: ndani ya eda ya talaka ya kwanza au ya pili mume aweza kumrudia mkewe. Lazima iongezwe kwamba haki hiyo ya kurejea ni ya mume, na kwamba fiqhi iliyomruhusu mwanamke kuolewa tena haikumzuia Maksuudi kumfungia binti yake. Lakini neno "kuachika" huko halikuwa na maana ya kwisha.

Historia ina ushahidi ulio hai kuliko riwaya. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba yapata mwaka wa 1880, mfinyanzi na mchuuzi wa vyungu, alikuwa ameolewa na kuachika kabla ya kuhamia mjini Unguja mwaka wa 1911. Mwaka wa 1928 alikwenda Bombay kurekodi nyimbo zake, na baada ya kifo chake Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Makao ya watu wa namna yake yalikuwa Ng'ambo, upande wa pili wa hori lililoutenga Mji Mkongwe, mtaa uliojaa maskini, wahamiaji na walioachwa huru baada ya amri ya kukomesha utumwa ya 1897. Masuria, ambao amri hiyo haikuwagusa, walingoja hadi 1909. Mji wa watu wengi wasiokuwa na ukoo wa kujivunia hauwezi kumuuliza kila mgeni habari za jana yake.

Ng'ambo hiyohiyo ndiko Shafi Adam Shafi alikompeleka Yasmin. Msichana huyu wa Kihindi ana miaka 15 anapoozwa kwa Raza, muuza duka wa miaka 52. Anamkimbia, jamaa zake wanamkataa, na anayempokea ni Mwajuma, Mswahili wa Ng'ambo, mwenye chumba kidogo na moyo usiokuwa na mahakama. Hapo tena uponyaji unaanzia katika nyumba ya mwanamke mwingine. Kisha anakuja Denge, msomi aliyerudi kutoka Urusi, anayesakwa na polisi wa mkoloni. Katika riwaya nyingi za mapenzi zilizotoka ng'ambo ya bahari, kuanza upya maana yake ni kumpata tena yule wa kwanza, baada ya vizuizi. Shafi hakufuata njia hiyo. Denge ameposwa na siasa, na mapenzi yake na Yasmin, ingawa ni ya kweli, hayawezi kuwa nyumba. Anayemwoa Yasmin ni Bukheti, kijana waliyefahamiana Mombasa, mtu asiyekuwa na fahari ya kishujaa.

Wasomaji vijana hawakosi kulalamika kwa ajili ya Denge. Filamu ya Amil Shivji, iliyoonyeshwa Toronto mwaka wa 2021, imewapa haki kiasi, kwani imeweka mapenzi ya Yasmin na Denge katikati. Lakini kitabuni Yasmin hapewi tuzo ya mapambano. Anapata mume aliyemchagua mwenyewe, jambo ambalo akiwa na miaka 15 hakuna aliyemuuliza. Na Mwajuma, aliyemfungulia mlango wakati mji mzima wa jamaa zake ulikuwa umefungwa, anabaki Ng'ambo katika chumba chake. Wahakiki wameandika mengi juu ya Denge. Juu ya chumba hicho bado hawajaandika vya kutosha.