Ile "herufi ya Kiafrika" ilitoka Ujerumani

Siku tulikuwa tunatayarisha bango la mkutano wetu, mmoja alisema: "Tutie ile herufi ya Kiafrika." Wote tulielewa mara moja. Ni ile nene, herufi kubwa tupu, kingo zake kama zimekatwa na panga. Unaikuta kwenye vitabu juu ya Afrika, kwenye matangazo ya safari za kuangalia wanyama, hata kwenye filamu Jurassic Park ya 1993, ambayo habari yake ni dinosaria, si sisi.

Jina lake ni Neuland. Ilitengenezwa mwaka 1923 na Mjerumani Rudolf Koch, kwa kiwanda cha herufi cha Gebr. Klingspor, mji wa Offenbach. Koch hakuanza kwa kuchora kwenye karatasi. Alikata moja kwa moja ndani ya chuma, kila saizi peke yake, njo maana A ya saizi moja haifanani kabisa na A ya saizi ingine. Afrika haikuwa mule. Hata jina: kwa Kijerumani, Neuland ni ardhi mpya, ile jembe linaingia mara ya kwanza. Mimi mtu wa agronomia, nakubali jina lilinifurahisha.

Sasa Afrika iliingilia wapi? Kwa wachapaji wa Marekani na Ulaya. Walitafuta alama ya haraka ya kusema "pori", "kabila", "zamani", na herufi yenye kuonekana kama imechongwa kwenye mti iliwatosha. Wao walizoea, na sisi tukazoea nyuma yao.

Lakini muangalie vitu vya kwetu huku Pangi. Sanamu za Bwami za Walega, zile za pembe ya ndovu, ni ndogo, zinaingia mkononi. Zilipakwa mafuta na kusuguliwa miaka mingi mpaka zikalainika na kung'aa. Pale hakuna alama ya panga hata kidogo! Na herufi za barabarani, hapa Kampene kama Kinshasa, zinatoka kwenye burashi: zinajikunja, zina kivuli cha rangi ya pili. Chéri Samba mwenyewe alianzia kwa wachoraji wa mabango Kinshasa, mbele ya kufungua atelie yake mwaka 1975, na maneno hayakutoka tena kwenye picha zake.

Sisemi Neuland ni mbaya. Kwa maneno mawili au matatu, makubwa, yasomwe kutoka ng'ambo ya barabara, iko na nguvu. Jina juu ya mfuko wa kahawa, sawa. Ila usiandikie nayo aya nzima: haina herufi ndogo, jicho linachoka. Na ukiipunguza halafu ukapiga fotokopi, matundu ya A na R yanajaa wino.

Kwa bango letu nimeomba jina la chama lichorwe na mchoraji wa sokoni, kwa burashi yake, na tarehe na saa ziandikwe kwa herufi nyepesi za kawaida. Kamati haijajibu bado.