Visafishio vya nyumbani visivyo vikali (Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria)

Visafishio visivyo vikali ni vitu vinavyoondoa uchafu, mafuta, masizi na harufu nyumbani bila kuchubua ngozi, kuchoma mapafu wala kuharibu maji yanayovipokea baada ya kazi. Mwanza na visiwani si mtindo mpya: sabuni ya mche, majivu, mchanga, magadi, limao, dodoki na jua vilitumika kabla jiki haijafika dukani. Siku hizi vinashindana na jiki hiyo, na kostiki soda, na dawa za choo zenye asidi, na sabuni ya maji inayopimwa mtaani kwenye chupa zilizokwishatumika.

Maji yenyewe

Kinachosahaulika mara nyingi ni kwamba maji ya Ziwa Victoria ni laini. Sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili ni mvua inayonyesha juu yake moja kwa moja, na miamba ya itale ya upande wa Mwanza, ile inayoonekana majini pale kwenye Jiwe la Bismarck, haina chokaa ya kuyafanya magumu. Anayefua kwa maji ya bomba yaliyovutwa Capri Point au Butimba hupata povu baada ya kupitisha kipande cha sabuni mara chache tu. Mwenye kisima cha maji magumu, mbali na ziwa, husugua mpaka achoke na kuishia na utando mweupe kwenye beseni, kwa sababu kalsiamu imeinasa sabuni kabla haijaushika uchafu.

Sabuni nyingi za unga ziliwekewa fosfati kwa ajili ya kupambana na ugumu huo. Kwa maji ya ziwani, basi, mfuaji huwa analipia dawa ya ugonjwa asiokuwa nao. Kipande cha sabuni ya mche kinatosha kwa nguo, vyombo na sakafu. Sabuni hiyo hutengenezwa kwa mafuta na kostiki soda, lakini ikiiva sawasawa kostiki yote huwa imeshatumika. Mafuta yenyewe huwa ni mawese au mengineyo. Usukumani, nchi ya pamba, hata masalia ya kusafisha mafuta ya mbegu za pamba yalipata kazi kwenye sabuni.

Shombo

Kazi ya usafi inayozungumzwa sana katika majiko ya Mwanza ni kuondoa shombo. Harufu hiyo hutokana hasa na trimethilamini, kemikali inayozalishwa na bakteria wanapoanza kuila nyama ya samaki aliyekufa. Ni ya upande wa alkali, na huruka hewani kwa urahisi, ndiyo maana ubao huweza kuonekana mweupe huku bado unanuka. Asidi ya limao huigeuza kuwa chumvi isiyoruka, na harufu hukatika palepale. Jiki ikikutana na damu na mabaki ya samaki huzaa harufu nyingine, inayochoma pua, na mtu hudhani kwamba huo ndio usafi.

Mpangilio wa kazi una maana kubwa. Ubao uliokatiwa sangara hukwanguliwa kwanza kwa kisu mpaka magamba na utelezi vitoke. Kisha hufuata maji baridi. Maji ya moto yakitangulia huivisha damu na utelezi, vikagandia kwenye nyufa za mbao. Baada ya sabuni na brashi ndipo chumvi hunyunyizwa, na nusu ya limao ikasuguliwa juu yake kwa upande uliokatwa; huachwa kwa dakika kama 10, husuuzwa, na ubao huegemezwa juani. Maganda ya limao lililokamuliwa hayatupwi: yakiloweshwa usiku kucha kwenye ndoo ya plastiki iliyobeba dagaa, shombo hupungua sana. Maganda ya machungwa, ambayo Ukerewe hayakosekani msimu ukifika, yana mafuta yanayoyeyusha gundi ya lebo na ulimbo wa mafuta mazito pembeni mwa jiko.

Bomba la sinki linalozibwa na mafuta ya sangara ni habari nyingine. Mafuta hayo huganda yakipoa. Kikaango kifutwe kwa karatasi au majivu kabla ya kuoshwa, na bomba limwagiwe maji ya moto yenye magadi. Kostiki soda haihitajiki mpaka mambo yawe yameharibika kabisa.

Majivu, magadi na sufuria

Majivu ya kuni yana kabonati ya potasiamu, ambayo hukamata mafuta, pamoja na chembe laini zinazokwangua masizi. Hupepetwa kwanza, na yasitoke kwenye moto uliochomewa plastiki. Wapishi wengine hupaka majivu mabichi au udongo nje ya sufuria kabla ya kuitenga motoni, ili masizi yatoke kwa maji tu. Majani ya msasa, yenye ukwaruzo, hufanya kazi ya stiliwaya bila kuacha vipande vya chuma.

Magadi, yale yanayolainisha makande, ni alkali yenye nguvu kiasi. Huondoa mabaka ya chai kwenye vikombe na mafuta kwenye sakafu, lakini hayapatani na sufuria za alumini: huzitia weusi na kuzila. Majivu yakilazwa humo usiku nayo hufanya vivyo hivyo. Weusi ukishaingia, dawa yake ni kinyume chake, yaani kuchemshia humo maji yenye maganda ya limao au ukwaju.

Kuna ushauri unaosambaa kwamba magadi au beking soda ichanganywe na siki iwe kisafishio kimoja chenye nguvu maradufu. Povu linapendeza macho, lakini vitu hivyo viwili huuana, na kinachobaki ni maji yenye chumvi kidogo. Kila kimoja kitumike peke yake.

Sabuni ya maji ya mtaani

Wengi huihesabu kuwa ni ya upole kwa sababu imetengenezwa na jirani. Si lazima iwe hivyo. Msingi wake ni salfoniki, asidi kali inayopaswa kupozwa kwa soda kabla ya kuongezwa slesi (kitoa povu), chumvi, rangi na manukato. Mtengenezaji aliyefundishwa, kwa mfano kupitia mafunzo ya wajasiriamali ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, hupima. Anayekisia kwa jicho huuza kitu kinachochubua vidole. Hatari nyingine ni chupa: rangi nzuri ndani ya chupa ya maji ya kunywa ni mtego kwa mtoto. Kemikali za majumbani nchini husimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa sheria ya mwaka 2003.

Maji machafu yanakokwenda

Ziwa lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi, lakini kina chake cha wastani ni mita 40 tu. Magugumaji yamelisumbua tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwani wa kijani hurudi kila mara kwenye ghuba zilizotulia. Chakula chao ni fosforasi na naitrojeni. Kanada ilianza kuibana fosfati ya sabuni mwaka 1970 kwa sababu ya Ziwa Erie, na Umoja wa Ulaya ukaweka kikomo kwa sabuni za kufulia mwaka 2013. Kwa Ziwa Victoria hoja hiyo isikuzwe kupita kiasi: vumbi, moshi wa kuchoma mashamba, udongo unaomomonyoka na vinyesi vina mchango mkubwa kuliko ndoo za wafuaji. Hata hivyo, Mto Mirongo hukatiza katikati ya jiji hadi ziwani, na nyumba nyingi za milimani hazina bomba la kupeleka majitaka kwenye mabwawa ya Butuja. Penye shimo la choo, asidi na jiki zikimwagwa kwa wingi huua bakteria wanaomeng'enya kinyesi, na shimo huwahi kujaa.

Sabuni ya upole haihalalishi kufulia ziwani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka ukingoni, na anayesimama majini akifua hujiweka kwenye njia ya kichocho. Maji yachotwe, na ya suuzo yamwagiwe migomba.

Pale jiki isipokwepeka

Limao, siki na majivu husafisha. Havitoshi kuua vimelea vya kipindupindu. Penye matapishi au choo cha mgonjwa, klorini ndiyo inayotumika. Isichanganywe na limao, siki wala dawa ya choo yenye asidi, kwa kuwa hutoa gesi ya klorini, na isimwagwe juu ya mkojo uliolala. Uchafu huimaliza nguvu, hivyo sehemu huoshwa kwanza kwa sabuni na kusuuzwa. Kwa jiki ya asilimia 3.5, kipimo 1 huchanganywa na vipimo 6 vya maji, kupata asilimia 0.5, huachwa juu ya sakafu kwa dakika 10, madirisha yakiwa wazi, na mchanganyiko uliobaki hautunzwi kwa ajili ya kesho.