Thamoluminesensi ya Vimondo

Thamoluminesensi, au mwangaza wa joto, ni nuru hafifu inayotolewa na madini yanapopashwa joto baada ya kulimbikiza nishati ya mionzi kwa muda mrefu. Nuru hiyo ni tofauti na wekundu wa chuma kinachotiwa motoni na mafundi wa Gerezani, jirani na Kariakoo, jijini Dar es Salaam, kwa kuwa chuma hicho hung'aa tena kila kinaporudishwa motoni, ilhali chembe ya kimondo hutoa nuru yake mara moja tu, kabla ya kufikia nyuzi 500 za Selsiasi, na haitoi nyingine mpaka ipigwe upya na mionzi.

Chanzo cha nuru

Mionzi ya anga za juu, pamoja na ile ya urani, thori na potasiamu zilizomo ndani ya jiwe, hung'oa elektroni ambazo hunaswa kwenye kasoro za fuwele, yaani mahali ambapo mpangilio wa atomu umevurugika. Joto huzifungua, nazo zikirudi mahali pake hutoa nuru. Katika kondraiti, ambazo ni vimondo vya mawe vyenye vijiduara vya kale, madini yanayong'aa hasa ni feldspa.

Athari za joto na mabadiliko ya madini

Kondraiti ambazo hazikupata joto kali katika asteroidi zilikotoka zina kioo cha asili badala ya feldspa, hivyo nuru yake ni haba. Joto lilipozidi, kioo kiligeuka fuwele za feldspa, na unyeti, yaani kiasi cha nuru kinachotolewa kwa kipimo kimoja cha mionzi, ukapanda hadi karibu mara 100,000. Kwa msingi huo, mwaka 1980 mwanasayansi Derek Sears na wenzake waligawa kondraiti za aina ya 3, yaani zile zilizopata joto kidogo, katika vidaraja kumi, 3.0 hadi 3.9. Aidha, feldspa iliyoundwa katika joto la chini hung'aa zaidi karibu na nyuzi 120, na iliyopita takriban nyuzi 500 hung'aa karibu na nyuzi 200. Mgongano mkali hufuta athari hiyo ya joto, kwani huirudisha feldspa kuwa kioo.

Vimondo vya Afrika Mashariki

Kimondo adimu cha Ivuna, chenye gramu 705, kilianguka karibu na Ziwa Rukwa, Tanzania, tarehe 16 Desemba 1938. Ni cha aina ya 1, ambamo maji ya kale yaligeuza karibu madini yote kuwa udongo wa mfinyanzi, na feldspa haikubaki. Kimondo cha Mbale, Uganda, kilichoanguka tarehe 14 Agosti 1992, ni cha aina ya 5/6, iliyopikwa vya kutosha kuwa na feldspa tele. Kimondo cha chuma cha Mbozi, Tanzania, chenye tani zipatazo 16, hakitoi nuru hii, kwa sababu elektroni za metali hutembea huru.

Umuhimu

Kipimo cha thamoluminesensi hutumika kupanga kondraiti kwa madaraja na kutambua zilizopita karibu na Jua, ambalo joto lake hufungua elektroni zilizonaswa. Wanaakiolojia hukitumia kukadiria umri wa vyungu.